Folda ya Mama

Basi, dada, simu ilizimika pale pale nilipokuwa nakwambia kompyuta imekufa, na najua umebaki huko roho juu. Shikamoo kwanza, jana nilikurupuka na maneno hata sikukuamkia. Mgongo unaendeleaje? Na binti yako, bibi harusi wetu, anakula, au anajinyima ili gauni limkae? Sisi wazima, ila hii mashine imetutoa jasho. Mwandiko wangu usiucheke.

Unakumbuka Mama, Mungu amrehemu, alirekodi maneno ya kumbariki mjukuu wake yapigwe siku ya harusi, maana alijua hataifikia. Tuliyaweka kwenye kompyuta ya hapa kwangu. Kompyuta ikaanza kukoroma kama baba watoto, nikasema hapa sauti itapotea, fundi aitwe. Akaja na kidude cheusi kama kiberiti, anakiita diski. Akaeleza kwamba hakiwezi kubeba kila kitu, baba watoto kajaza mechi za mpira tangu enzi zile, kwa hiyo tuchague. Siku ya kwanza kitanakili vyote tulivyochagua, halafu kila jioni kitachukua kilichoongezeka au kilichobadilika tu. Nikamwambia mbona hivyo ndivyo ninavyompa shoga yangu habari za mtaa, za jana sirudii. Akauliza sasa ahifadhi nini. Nikamjibu sauti za Mama, hizo ndizo roho yangu, mengine hata yaungue. Nikaenda zangu jikoni.

Sasa ona balaa. Humo kwenye kompyuta aliyepanga ni binti yangu, na kwa binti yangu Mama ni nani? Si mimi! Mama yetu kwake ni Bibi. Fundi kaona folda imeandikwa MAMA, kaipiga tiki, kafunga mkoba wake. Ile ya BIBI iko chini yake imemtumbulia macho, hakuigusa.

Na folda ya MAMA ndimo simu yangu inamomwaga sauti zote ninazomrekodia shoga yangu wa saluni. Kwa hiyo kila jioni kidude kimekuwa kikitunza umbea wangu, jipya juu ya jipya, hakijaruka hata mmoja! Kompyuta ilipokata roho fundi akatuambia tusihofu, akakichomeka kwenye ya kwake, familia nzima tumekaa. Badala ya Mama kubariki, nikatoka mimi nasema mke wa mwenye duka kavaa wigi nyuma mbele. Na mwenye duka huyo kasimama mlangoni, kaja kuazima ngazi.

Nikamwakia fundi, akasema niliyesema Mama ni mimi. Baba watoto akadakia kwamba ningesema Bibi. Nikamuuliza tangu lini mama yangu mzazi akawa bibi yangu. Akajibu kwamba nyumba hii Mama ni mmoja, akaninyooshea kidole. Nilitamani kumrushia mwiko! Fundi kahangaika na kompyuta mpaka kakata tamaa. Ile baraka haipo tena, dada. Nimelia, usiniulize.

Ila usiitupe karatasi. Nimeisikiliza folda yangu yote, aibu tupu, nikakuta moja niliyorekodi kitandani kwa Mama. Namsema mkwe wako mtarajiwa, kwamba masikio yake ni ungo wa televisheni, anashika stesheni zote. Mara nikaitwa nje, nikaiacha simu kitandani inarekodi. Niliporudi nikaona imeharibika, nikarekodi nyingine, hii sikuisikiliza wala kuituma.

Kumbe nilipotoka, Mama kaishika. Kadhani shoga yangu yuko hewani! Anamwambia asinisikilize, mdomo wangu hauna kifuniko. Anasema yule kijana alikuja siku moja akamkuta peke yake, kajichafua, akamgeuza, akazitandua shuka, akazifua, akazianika, na hakumwambia mtu. Nami siku zote nilidhani ulizifua wewe, dada! Halafu anasema mjukuu wake kampa huyo kwa mikono miwili, na masikio ni mazuri tu, ataitwa mara moja aitike. Anacheka mpaka anakohoa.

Hiyo ndiyo baraka yenyewe. Ile nyingine alikuwa anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Fundi kasema anaweza kunikata mimi abaki Mama. Nimemkatalia, maana Mama atakuwa anamjibu nani? Wageni wanicheke, nitavumilia. Na hizo shuka Mama mwenyewe anazisimulia anacheka, basi na sisi tusimwonee haya.

Kidude nimekifunga ndani ya soksi, dereva atakukabidhi mkononi. Wasalimie wote. Na mkwe akija kabla hajasikia, mpikie vizuri, umwambie mama mkwe wake mdogo anamuomba ra... dereva huyo anapiga honi, baba watoto anapayuka gari linaondoka. Nakuja, jamani, nakuja!

Mdogo wako, mwenye mdomo