Nilisema Kibibi Ameanguka

Msambweni,
Kwale.
Jumanne, 19 Januari 1965
(Ramadhani 16)

Mpenzi kaka yangu Alfani,

Shikamoo kaka. Nakuletea salamu za mtu mwenye njaa ya saumu, wewe na wifi Sidi na watoto wote. Je, hamjambo? Kifua chako kimepoa? Uliniandikia kwamba baridi ya Nairobi inakuingia mpaka mbavuni, na kwamba ofisi ya reli imekuhamishia chumba kisichoona jua. Vaa fulana ndani ya shati, kaka, usione haya. Na saumu inakwendaje huko bara? Mnaisikia adhana ama mnafuturu kwa kuangalia saa?

Sisi huku miili i mizima, alhamdulillahi. Moyo wangu ndio umekuwa kama wa kuku aliyeona mwewe, nao ndio unaoniandikisha.

Utashangaa kuona herufi za Kiarabu, zile za chuo cha Kurani, tena mbovu. Barua zangu zote humwandikisha mwanangu Kibibi, mimi kazi yangu kusema tu. Hii sikuweza kumpa aiandike, na ukifika katikati utajua kwa nini. Mimi na wewe tulifunzwa na mwalimu mmoja, basi nivumilie. Palipokosekana nukta itie mwenyewe.

Kwanza nikupe habari za skuli, maana uliziuliza. Haina makuti tena. Wazazi wamepandisha mabati, madarasa manne, na mlingoti wa bendera mpya umesimama mbele. Mwaka juzi watoto kumi na wanane walifanya mtihani wa kumaliza, hakupita hata mmoja, na mkaguzi akatwambia mbele ya watu kwamba watoto wa huku wanajua kuangua nazi tu. Maneno yale yalimwingia Mwalimu Jefwa, yule Mgiriama aliyeletwa kuwa mkuu. Akawa anawafunza hata Jumamosi. Mwaka jana walifanya ishirini na mmoja, wakapita watano. Watano, kaka! Hiyo ndiyo habari njema, nami nimeiharibu.

Tarehe mbili mwezi huu, siku mbili kabla ya kufunga, Mwalimu Jefwa alinijia nyumbani kwa baskeli. Kibibi alikuwa kwa nyanyake Lungalunga. Mwalimu hata kuketi hakuketi. Alinipa karatasi yenye muhuri, akaniambia Kibibi amepita masomo yote matatu kwa alama za juu, na si hapa kwetu tu. Katika wilaya nzima ya Kwale, wavulana kwa wasichana, hakuna aliyemshinda. Akasema jina lake limepelekwa kwenye skuli kubwa ya bweni ya wasichana, huko huko kwako, mwendo wa saa moja kwa basi kutoka Nairobi, na barua ya kumwita itakuja.

Mama mwingine angepiga vigelegele. Mimi nilikaa juu ya mbuzi niliyokuwa nikikunia nazi.

Wewe wajua kwa nini. Seifu wangu. Siku ile ya zawadi, miaka mitatu iliyopita, walimsimamisha juu ya meza akasoma Kiingereza mbele ya Bwana Disii, mkuu wa wilaya, na uwanja mzima ukapiga makofi. Hata mimi nilipiga. Nilitega sikio nisikie mtu akisema Mashaallah ya kumkinga na jicho baya, sikumsikia hata mmoja. Siku ya tisa tulimzika mwanangu. Wewe ulishika jeneza mbele, upande wa kulia. Daktari alisema ni malaria iliyopanda kichwani, nawe ukasema vivyo hivyo, ukanikataza maneno ya kijicho. Sikubishana nawe. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Nikamshika Mwalimu mkono, nikamwomba asilisome jina hilo mbele ya watoto wala wazazi. Akacheka. "Mama, hii ni habari ya kupigiwa ngoma!" Nilipoanza kulia aliona haya, akakubali kunyamaza mpaka barua ije. Wiki ile ile akapata uhamisho wa Malindi, akaondoka na siri yangu.

Basi nikasema uongo. Watu walipouliza, na huku kwetu nani haulizi, nilisema Kibibi ameanguka. Nilimwambia mwalimu mkuu mpya. Nilimwambia Kadzo muuza bajia, ambaye ukimwambia yeye umeuambia mji mzima. Nilimwambia Mbwana, mume wangu, aliporudi Ijumaa kutoka kwenye mashamba ya miwa ya Ramisi. Akasema, "Basi, ndiyo riziki yake," akageukia ukutani.

Na Kibibi mwenyewe, kaka, nilimwambia ameanguka. Mtoto wa miaka kumi na minne hajui kuficha furaha, nilihofu uso wake utamchongea. Nia yangu barua ije, nimtie kwenye basi kimya kimya, ajue mambo yote akishavuka feri ya Likoni. Saumu ninayo na uongo niko nao. Hukumu yake naijua, usiniandikie.

Alilia siku mbili. Mimi jikoni nikimsikia, nikajiambia, na alie, anayelia yu hai. Siku ya tatu akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikonitisha zaidi. Alhamisi iliyopita nilinunua bajia za futari kwa Kadzo. Nilipofungua nyumbani, karatasi ile ilikuwa ya daftari la Kibibi. Herufi za Kizungu sizisomi, lakini mwandiko wa mwanangu naujua, na wino mwekundu wa Mwalimu Jefwa naujua, na mafuta yamepita katikati. Kumbe madaftari yake yote amempa Kadzo, bure, ayafungie bajia. Nilipomuuliza alinijibu kwa adabu, "Mama, si nimeanguka? Ya nini tena?"

Hata hapo sikusema. Mtu gani mimi, kaka?

Jumamosi ndipo yaliponifika. Kibibi yuko chuoni, mimi niko uani na wanawake sita tunashona makuti. Akaja Kahindi, tarishi wa chifu, kwa baskeli. Akainua bahasha ndefu juu, akauliza kwa sauti ya mnadi, "Nyumba ya Kibibi binti Mbwana, aliyepita mtihani, ndiyo hii?" Mikono yote ikasimama. Yale macho, kaka! Sikufikiri kitu. Nikasema, "Hapa hakuna aliyepita. Wangu ameanguka, waulize hawa." Na wale wanawake, masikini, kwa kunitetea, wakaitikia wote kwamba ni kweli, Kibibi ameanguka, labda yeye tarishi amekosea nyumba. Kahindi akairudisha bahasha mkobani, akapanda baskeli yake. Nilidhani nitamkimbilia wale wakishaondoka. Hawakuondoka mpaka alasiri, na miguu yangu haikunyanyuka.

Jana nilikwenda kwa miguu mpaka ofisini kwa chifu. Bahasha haikuwapo. Karani alisema imekwisha kurudishwa kwa posta asubuhi ile, imeandikwa juu yake kwamba mtoto mwenye jina hilo alianguka. Barua aliyoandikiwa chifu, iliyokuja pamoja nayo, ilisema skuli inataka jibu la wazazi liifikie kabla ya Ijumaa, tarehe 29 mwezi huu. Lisipofika, nafasi atapewa anayefuata. Nilihisi jasho linanitoka na mimi sijanywa maji tangu daku.

Kisha karani akaniuliza, mbele ya watu waliojaa pale, "Kwani wewe mama ni nani?" Ikanibidi niseme. Nilisema mimi ni mamake Kibibi, na Kibibi amepita, ni wa kwanza Kwale nzima. Watu waligeuka wakanitazama. Bibi mmoja kwenye benchi akasema, "Haa!" Nikamngoja aongeze Mashaallah. Hakuongeza. Nikaisema mwenyewe, mara tatu, kwa sauti, kama mwenda wazimu. Karani akatikisa kichwa, akaniambia, "Mficha uchi hazai, mama," akarudi kwenye kitabu chake.

Mwalimu mkuu mpya nimemwendea pia. Nilimwonyesha karatasi ile ya muhuri, lakini anasema haimtoshi, hawezi kuandika lolote mpaka aione orodha kwa macho yake, maana mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia mtoto ameanguka, na afisa mwenye orodha yuko safarini hadi mwezi ujao. Sina cha kumlaumu. Telegramu nayo nimeiogopa. Bahasha itawarudia imeandikwa ameanguka, kisha wapokee maneno manne kwamba amepita. Nani ataamini?

Ndiyo maana nakukimbilia wewe. Wewe ndiwe mjomba, na kwetu mtoto ana baba lakini neno lake liko kwa mjombake. Omba ruhusa kazini, hata ya siku moja. Nenda kwenye skuli hiyo wewe mwenyewe, usitume mtu. Karatasi yenye muhuri nimeitia humu, na jina la skuli Mwalimu Jefwa aliliandika nyuma yake. Ni hiyo moja tu, sina nyingine, nami naiachia posta. Waambie mtoto yupo. Waambie mjinga ni mamake. Nipake matope yote unayotaka, sitakanusha neno. Lakini kaka, ukisema utakwenda wiki ijayo, nafasi imekwenda, na safari hii hapatakuwa na daktari wa kuniambia ni malaria. Nitakuwa nimemfanyia mwanangu mimi mwenyewe, kwa ulimi wangu.

Naacha kalamu hapa. Jua linashuka na futari sijaipakua. Kibibi bado hajui, na maneno niliyoyasema kwa chifu yatamfikia kesho kwa vyovyote. Lazima ayasikie kwangu. Namwogopa, wallahi, kuliko ninavyomwogopa yule bibi wa kwenye benchi.

Jumatano asubuhi

Nimemwambia. Tulipokwisha kufuturu, sisi wawili tu, maana Mbwana harudi mpaka Ijumaa. Nilimwambia yote, mpaka ninavyodhani kijicho ndicho kilichomuua Seifu, jambo ambalo sijawahi kumwambia. Nilidhani ataruka kwa furaha ama atanipigia kelele, na kwa yote mawili nilikuwa tayari. Badala yake akaniuliza neno moja tu, "Mama, nilipokuwa nikilia, ulikuwa unajua?"

Nikasema nilijua.

Akakusanya vyombo, akaenda kuviosha. Tangu hapo hajanisemesha. Wakati wa daku nilimgusa kipaji cha uso nione kama ana homa. Hana, alhamdulillahi. Akaugeuza uso wake, taratibu, bila ukali, kama mtu anayekwepa moshi. Ningependa anitukane.

Sasa watu wameanza kupita hapa. Tangu alfajiri wamekuja wanne, kila mmoja na hongera yake, na kila mmoja nimemkodolea macho mdomoni mpaka aseme Mashaallah ndipo nimkaribishe. Najua utanicheka. Nicheke, lakini nenda.

Nisalimie wifi Sidi, mwambie mafuta ya nazi aliyoagiza nitayapeleka na mtu baada ya Idi. Nisalimie watoto mmoja mmoja, na Mama Kanze jirani yenu. Nyanya wa Lungalunga anakusalimu na anakuombea kifua. Mbwana angekusalimu lau yuko. Kibibi hajatuma salamu. Kila barua huzipachika mwenyewe pale chini bila kuniuliza, nawe huzisoma kwanza kabla ya zangu, wifi aliniambia. Leo nimemuuliza, "Nimwambie nini mjombako?" Akafunga mlango wa uani polepole. Usidhani amekukasirikia wewe. Ni kwamba hataki neno lake lipitie kwangu.

Mungu akufungulie mlango wa skuli ile kabla hujabisha, akuvushe na akurudishe salama. Hata asiponisemesha mpaka nitiwe kaburini, kaka, na aende akasome.

Mimi nduguyo akupendaye, anayehesabu siku mpaka tarehe 29,

Mapenzi