Yusufu Alivyompoza Mzee Kondo

Chole, Jumapili, Juni 1938

Kupoza! Bibi alinifunza neno hilo kwa uji wa moto: unaupepea, humwagi. Leo Yusufu kanimwagia wote.

Mzee Kondo alinikasirikia kwa kumwigiza anavyotembea, harusini, mbele za watu. Nami namtaka binti yake, Zuhura. Kwa desturi yetu hasira kama hiyo hupozwa na mtani, maana mtani hanuniwi. Nikamtuma Yusufu, Mnyamwezi wa mashamba ya katani kule Ruvu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

Nikajibanza nyuma ya ua, nikasikiliza.

"We mzee, wamnunia Omari? Simba wenu huyo alimkimbia fisi, akalala juu ya mkorosho mpaka alfajiri, akimwita mama!"

Siri yangu hiyo! Nilimwambia yeye tu. Chole nzima inajua fisi nilimfukuza mimi.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Basi, mtani, nimepoa. Sina kinyongo naye. Lakini Zuhura simpi. Fisi akija, mume yuko mtini, mlango atafunga nani?"

Zuhura naye alicheka. Nilimsikia.

Yusufu akatoka, akanipiga bega. "Mzee kapoa, ndugu yangu!" Akasimama pale, anangoja nimshukuru.