Bata Bukini Kwenye Sukuma Zetu

Baba Nafiso,

Ukitoka kazini, ingilia mlango wa nyuma. ~~Chuma sukuma za jioni.~~ Sukuma usiziguse! Bata bukini anaatamia mayai humo, na mumewe analinda geti.

Asubuhi nilitoka na ufagio niwafukuze. Wallahi, yule dume alikunjua mabawa mpaka njia yote ikajaa yeye. Mabasi ya kwenda Aston yanapita karibu, hatikisiki! Ufagio ukanidondoka. Nikamwekea jike uji, kama tunavyompa mzazi yeyote. Dume akaumwaga.

Nilipomzaa Nafiso, arobaini haijaisha ulikuwa umesharudi kazini. Uji nilijikorogea mwenyewe.

Wali uko jikoni. ~~Jipashie.~~ Nisubiri, nitakupashia. Ila kwanza simama dirishani, umtazame yule baba.

Mama Nafiso