Dirisha la Chumvi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kwani siku hizi chakula hakinipiti kooni na mke wangu Kabedi anadhani nimepata mwanamke mwingine, kumbe kinachonitafuna ni mashine. Mimi ni msaidizi katika laboratwari moja hapa Kolwezi, tunapima plastiki ya kufunikia nyaya za umeme, tunapitisha ndani yake mwanga ambao jicho halioni, na kalamu ya mashine inachora mabonde kwenye karatasi kuonyesha mwanga uliozuiwa. Fundi wetu ni mzee tunayemwita kwa heshima tata Ngeleka, na sijaona mtu kama yeye, maana kila asubuhi kabla ya kupima chochote huweka kwanza kipande cha plastiki ambacho mabonde yake yanajulikana, na bonde likisogea hata unene wa unywele yeye huliona, hugeuza skrubu taratibu mpaka mashine iseme kweli, na hata Wazungu huja kumtazama anavyofanya. Dirisha la mashine hiyo si kioo, ni chumvi iliyong'arishwa, nayo huyeyuka kwa unyevu, hivyo hatuthubutu hata kupumua karibu nalo. Sasa mimi, kwa kutaka anisifu, nililipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, likafifia, mstari wote wa kalamu ukashuka, na aliponiuliza, "Mbuyu, kitambala ulipangushia ilikuwa ya kukauka?" nikajibu, "Ndiyo, tata," naye akalitazama dirisha kwa muda mrefu, akasema, "Basi ni pumuzi yangu, juma hii mi niko nakohola." Amemwambia mkubwa wetu hivyohivyo, na mwisho wa mwezi wanamwondoa kwenye mashine aende kusaga mawe. Nikisema nitafukuzwa, nikinyamaza nitamtazamaje?

Mbuyu, mtaa wa Musonoi

Ndugu Mbuyu,

Pole, ila pole yangu ni fupi. Kulowesha chumvi ni kosa la bidii, na kila anayejifunza kazi ana lake. Kibaya ni ule uongo. Na Kabedi umwambie ukweli leo, asije akamvamia mwanamke wa watu bure.

Sasa soma tena barua yako mwenyewe. Pumzi hutia ukungu, kitambaa huacha michirizi. Mtu anayeona bonde lililosogea unene wa unywele, unadhani hakuiona michirizi ya mkono wako? Alikuuliza swali moja tu, akaona unavyoogopa, akajitwika mzigo wako. Anajua, Mbuyu. Mimi sijamwona mzee huyo, lakini namvulia kofia.

Kesho ufike kabla hajaweka kipande chake. Chukua kitambaa kilekile, umwambie yeye kwanza. Kisha nendeni wote wawili kwa mkubwa, na useme wewe, usimwachie mzee maneno. Ukiadhibiwa, pokea. Halafu umwombe akufundishe kung'arisha chumvi upya, kwa sababu dirisha hilo bado linaweza kupona.

Na kama utalia, lia mbali nalo.