Jicho la shemeji

Shoga, usinipigie, siwezi kuongea. Niko hospitali na dada. Mumewe ameumia jicho.

Ni ule mtumbwi wa faiba anaoutengeneza sebuleni. Leo alikuwa anapaka gundi ya mwisho. Dada akamwambia avae miwani, yeye akasema inaingia ukungu, haoni anachofanya.

Akashika chupa ya dawa ya kukaushia gundi, ikamponyoka, dawa ikamrukia jichoni. Dada akakimbilia ndoo ya maji. Unajua shemeji alimwambia nini?

"Usimwage maji hapa, gundi haijakauka, utaniharibia kazi."

Gundi haijakauka. Mtu jicho linaungua, anasema gundi haijakauka.

Na dada akamsikiliza. Amezoea kumsikiliza. Alisimama na ndoo yake huku mume akipapasa ukuta kutafuta bomba la uani. Bomba likawa kavu. Ndipo dada akamfuata akammwagia, lakini dawa ilikuwa imeshalila jicho.

Daktari ametoka sasa hivi. Jicho halitaona tena. Anasema lingeoshwa palepale, huenda lingepona.

Shemeji alipoambiwa akamwita dada. Mimi nilidhani anataka kumwomba radhi. Akamuuliza taratibu kabisa, "Kwa nini hukunimwagia maji palepale?"

Nilingoja dada amkumbushe alichosema. Ametoka, amekaa sakafuni hapa koridoni, hataki kuinuka. Kila nikimgusa ananiambia, "Ni kweli, sikummwagia."