Kiraka Bila Rangi

10 Januari

Mwanangu,

Hatujambo, mama yako anakusalimu, na magoti yake yanayomuuma pia. Daktari amesema haoni tena saratani kwenye damu yangu. Nimerudi kazini, nimeanza na chumba chako. Ukuta wa dirishani ulikuwa na unyevu, nimeupaka nikaacha kiraka bila rangi, kama nifanyavyo kwa wateja, nione kama unyevu utarudi. Wewe ni muuguzi, niambie: nimepona?

Baba yako

28 Januari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila usingizi ni wa kuiba. Nimefurahi mno, lakini vipimo usiache. Dawa huua seli za saratani zinazozaana haraka. Zile seli mama zinazozizaa, nyingine hulala tu ndani ya uboho wa mifupa, dawa ikazipita. Zikiamka, ugonjwa hurudi. Umepona? Sijui, baba.

Binti yako

2 Septemba

Mwanangu,

Sote wazima, ukiniondoa mimi. Zimeamka. Daktari alipomaliza kusema nilimshukuru, nikaenda kumalizia dari ya mteja. Mama yako analia. Mimi sihisi kitu, nimekuwa kama gogo. Wanataka kunipa dawa kali tena, kisha uboho wa mtoto wangu. Wa kaka yako haukulingana. Wewe usije kutobolewa mifupa kwa ajili ya mzee. Mimi walinitoboa mara moja wakinipima, ikanitosha.

Baba yako

9 Septemba

Baba,

Shikamoo. Hali yako siulizi, nimeisoma. Nimeshapimwa hapa kazini na uboho wangu unalingana na wako. Ruhusa nimepata, nafika Jumamosi. Kama ni kunigombeza, utanigombeza nikiwa mbele yako.

Binti yako

30 Novemba

Mwanangu,

Ulirudi kazini salama? Kiuno bado kinauma pale walipokuchoma? Leo daktari amesema uboho wako umeshika mwilini mwangu. Nikamuuliza kama zile zilizolala zimekwisha. Akajibu kama wewe, hajui. Mama yako alicheka na kulia pamoja. Mimi ganzi ya moyo haijaniachia.

Kaka yako ameuliza kama akipake rangi kile kiraka chumbani kwako, maana mvua zimepita na bado ni kikavu. Nimemwambia akiache. Nataka kukikagua mwenyewe mvua zijazo, na zitakazofuata. Tangu Septemba sikuwa nimetaka kitu chochote.

Baba yako