Baba, Mimi Ndiye Niliyeandika Moyo

Baba yangu,

Tangu tukuzike sijakuandikia, kwa sababu neno la mwisho nililoliandika juu yako lilikuwa la uongo.

Unakumbuka juma lile nilipoanza ukarani katika ofisi ya zone inayotunza daftari la wakazi wa mtaa wetu, hapa Cibitoke? Ulifunga gereji mapema ukaja na grisi mikononi, ukasimama mlangoni kunitazama. "Huyu mutoto yangu anaandika watu wote wa kartie," ukawaambia waliokuwa kwenye foleni. "Mukimukosea, hatawaandika: hamujazaliwa!" Wakacheka. Mimi niliona haya, nikakuomba uende.

Unajua watu wanavyoandikisha wafu wao tangu vita vianze. Mtu amepigwa risasi, ndugu yake ananiinamia mezani nikifika penye sababu ya kifo: "Andika moyo, dada." Maana ukiandika risasi, daftari linapita kwa chef, mkubwa wetu wa ofisi, na wanakuja wenye bunduki kuuliza nani mwingine anakaa nyumba hiyo. Moyo hauulizwi. Siku yako Mama alinishika mkono. "Andika moyo, mwanangu. Wadogo zako wamebaki." Nikaandika.

Mwezi huu amekuja daktari wa moyo, mzee mpole. Analinganisha orodha ya wagonjwa wake wa hospitali na daftari letu la wakazi, ajue moyo unawashika watu gani, wa umri gani, na wangapi wanafia nyumbani kabla hawajamfikia. Mimi ndiye ninayemtolea fishi, kadi moja kwa kila aliyekufa. Jana alivua miwani.

"Mademoiselle, Cibitoke kuna nini? Vijana wa miaka ishirini, moyo! Kesho napita nyumba kwa nyumba, niulize familia zao."

Akiuliza mlangoni, Baba, majirani watasikia, na uongo wetu wote utawafikia wenye bunduki. Nikinyamaza, atawatafutia dawa watu waliouawa, na wenye ugonjwa wa moyo kweli watapotea katikati yao. Nikachukua fishi moja tu, yako.

"Hii toa, daktari. Huyu ni baba yangu. Walimpiga risasi akitoka kazini."

Alikata jina lako kwa mstari mmoja, taratibu. Kisha akauliza, "Na hizi zingine?"

Nilizikusanya, nikazirudisha ndani ya droo. Nyuma ya daktari, mashine ya kuandikia ya chef wetu ilikuwa imeacha kugonga.

Leo daktari hakuja kuchukua orodha ya nyumba. Chef amepita mezani kwangu mara mbili, akitabasamu, kuuliza kama Mama bado anakaa nyumba ile ile. Nilitaka kusema hapana. Lakini nyumba yetu imo katika daftari, na namba yake, na majina ya wadogo zangu wote kwa mwandiko wangu mzuri. Nikasema ndiyo.

Sasa naondoka ofisini kabla ya saa ya kutoka, niende kumwambia Mama afunge vitu. Kaburi lako tutaliacha bila mtu wa kulipalilia. Utuvumilie, Baba.

Mwanao wa kwanza